Kifo Kimoja, Wafiwa Wengi: Kuandika Msiba wa Familia Katika Riwaya

Katika kazi yangu ya kuhariri miswada ya riwaya, kasoro ninayokutana nayo mara nyingi katika sura za msiba haihusu lugha. Mwandishi amemuua mhusika, au ameushushia mji mzima janga, kisha amempa mhusika mkuu huzuni yenye kumbukumbu, hasira na majuto, ilhali mama, kaka, mjane na watoto waliofiwa pamoja naye wamepewa machozi tu. Wanalia anapolia, wananyamaza anaponyamaza, na sura tatu baadaye wote wamepona kwa pamoja. Familia haiombolezi hivyo, na msomaji aliyewahi kufiwa hulitambua hilo mara moja, hata kama hawezi kulieleza.

Watu wa nyumba moja hawafiwi na mtu yule yule. Jina la marehemu ni moja, lakini mke amempoteza mume, mama amempoteza mwana, na mdogo wake huenda amempoteza mtu pekee aliyethubutu kumtetea mbele ya baba. Mfano bora ninaoujua umo katika kitabu cha 24 cha Iliad, utenzi wa Wagiriki wa kale, pale maiti ya Hector, shujaa aliyeuawa vitani, inaporudishwa mjini kwao Troy na wanawake watatu wanamlilia mmoja baada ya mwingine. Andromache, mjane wake, anaulilia ujane na hatima ya mtoto wao mchanga, ambaye anaona kwamba hatafikia utu uzima. Tena anasikitika kwamba mumewe hakufia kitandani, ambapo angemnyoshea mikono na kumwachia neno la kukumbuka. Hecuba, mama mtu, anamlilia mwana aliyempenda kuliko wanawe wote. Helen, shemeji yake, anamlilia mtu ambaye hakuwahi kumwambia neno baya na aliyewazuia wengine walipomsimanga, na anakiri kwamba anajililia na yeye mwenyewe, kwa kuwa sasa hana tena rafiki Troy. Ukiyaondoa majina katika maombolezo hayo, utadhani wamekufa watu watatu.

Shakespeare naye, katika tamthilia ya Hamlet, anamuua baba wa ndugu wawili, kaka na dada. Laertes anarudi kwa kishindo akidai kisasi, na Ophelia anarukwa na akili. Wapo wanaosoma hapo tofauti ya nguvu na udhaifu, nami siamini hivyo. Laertes ana adui wa kumwelekezea uchungu wake, lakini Ophelia amefiwa na baba kwa mkono wa mwanamume aliyempenda, hivyo hana njia ya kumlilia mmoja bila kumlilia na mwingine. Nafasi yake katika familia ndiyo iliyomfunga. Kwa sababu hiyo, pembeni mwa mswada siulizi mhusika ana huzuni kiasi gani. Ninauliza amepoteza nini hasa, na ni mzigo gani wa marehemu ambao sasa umemwangukia yeye.

Hapo ndipo ninapotofautiana na waandishi wanaozitumia zile hatua tano mashuhuri za huzuni, kuanzia kukana hadi kukubali, kama ngazi ya kumpandishia mhusika. Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili, alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikabiliana na kifo chao wenyewe. Hazikutokana na uchunguzi wa familia zilizobaki nyuma. Zikigeuzwa kuwa ramani ya sura, huzaa wahusika wanaokasirika kwa zamu.

Kinachomfaa mwandishi zaidi ni maelezo ambayo Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa huzuni ya wafiwa, waliyachapisha mwaka 1999. Kwa mujibu wao, mfiwa huyumba kati ya pande mbili: kuna wakati anauelekea msiba wenyewe, analia, anakumbuka, anashikashika vitu vya marehemu, na kuna wakati anayaelekea maisha yaliyobaki, analipa madeni, anajifunza kazi iliyokuwa ya marehemu, au anaipumzisha tu huzuni kwa saa chache. Kuyumba huko ndiko kunakomwezesha kuendelea. Shida ni kwamba watu wa familia moja hawayumbi kwa mwendo mmoja. Chukua mume na mke waliofiwa na binti. Alasiri moja mke ameketi sakafuni, amefungua droo, anakunja upya nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa; nje, mume anapigilia misumari kwenye lango ambalo halikuwa limelegea. Kila pigo la nyundo mke analisikia kama ushahidi kwamba mwenzake amekwisha kusahau. Mume naye, akiingia na kuiona ile droo, anamwona mtu asiyetaka kupona. Juma linalofuata huenda wakabadilishana nafasi, mke akawa ndiye anayetaka nyumba isafishwe na mume akawa ndiye asiyetaka droo iguswe. Hakuna mkosaji kati yao, na kwangu mimi tukio la namna hiyo lina nguvu kuliko ugomvi wowote wa kurushiana maneno.

Janga huongeza jambo jingine. Kifo cha mtu mmoja huikuta familia ikiwa na watu wa kuwaegemea. Moto, mafuriko au tetemeko la ardhi huua jamaa na papo hapo huondoa nyumba, kazi, shule na hata jirani ambaye angekuja kuwalaza watoto. Kila aliyetarajiwa kufariji ni mfiwa pia. Tarehe 28 Novemba 1942, klabu ya usiku ya Cocoanut Grove mjini Boston iliungua, wakafa watu 492. Erich Lindemann, daktari wa magonjwa ya akili aliyewahudumia baadhi ya manusura na wafiwa, aliandika mwaka 1944 kwamba huzuni kali huja kwa mawimbi yanayodumu kati ya dakika 20 na saa moja: koo linabana, pumzi inakatika, tumbo linahisi tupu, viungo vinaishiwa nguvu. Mwandishi anayelijua hili hatamwandika mjane anayelia kurasa kumi mfululizo. Atamweka kwenye foleni ya maji akiwa na ndoo, wimbi limpige hapo hapo, kisha limwachie akiwa bado kwenye foleni ile ile. (Lindemann alitaja pia askari aliyerudi hai kutoka vitani akakuta mkewe hampendi tena, kwa kuwa mke alikwisha kumwombolezea mumewe alipokuwa mbali. Riwaya nzima imo humo.)

Janga pia huacha watu wasiopatikana. Pauline Boss, mtafiti aliyezichunguza familia za wanajeshi waliopotea vitani, alionyesha jinsi hasara isiyo na uhakika inavyowagawa watu wa nyumba moja: baba anataka ibada ya kuaga ifanyike, mama anaona kwamba kufanya hivyo ni kumuua mtoto kwa mikono yao. Ugomvi wao unaweza kuwa juu ya shati moja kabatini, libaki au litolewe.

Wanaosahauliwa zaidi katika miswada ni ndugu wa marehemu. Tunasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na ni kweli, lakini riwaya nyingi hukomea kwa mzazi. Dada aliyebaki huambiwa amtunze mama, na hakuna anayemuuliza yeye analalaje. Mtafiti Kenneth Doka aliandika kuhusu huzuni ya aina hiyo, ambayo jamii haiipi nafasi, mwaka 1989. Humo wamo pia mtalaka wa marehemu na mpenzi wake wa siri, wahusika ambao mwandishi huwaweka nyuma ya umati makaburini kisha asiwarudie tena.

Watoto wanahitaji uangalifu zaidi. Mtoto mdogo, hasa aliye chini ya miaka 5, kwa kawaida haelewi kwamba kifo hakina marejeo. Analia, anakwenda kucheza, anarudi na kuuliza baba atakuja lini, naye mama analazimika kukitangaza kifo kile kile kila siku. Huzuni yake haiishi hapo, kwa maana kila akili inapokua hukutana nayo upya. Mwandishi akiruka miaka kumi, aliyekuwa na miaka 4 sasa ana miaka 14, na kwa mara ya kwanza anataka kujua kama baba aliumia, na ni nani aliyekuwa naye. Anamuuliza mama ambaye maswali hayo alikwisha kuyafunga, ambaye pengine ameolewa tena na amejifunza kulala usiku. Miswada mingi huiruka sura hiyo ya mfiwa mpya na mfiwa wa zamani wanaokaa meza moja, nami ndiyo ninayoomba iandikwe kabla ya nyingine yoyote.