Berlin haina mageti, lakini ina kisanduku cha muhuri

Katika kazi yangu ya kupanga usafiri wa mijini, swali ninaloulizwa zaidi kuhusu Berlin ni kwa nini vituo vyake vya treni havina mageti. Abiria hushuka ngazi hadi jukwaani bila kuzuiwa na mtu, na mgeni huweza kudhani kwamba usafiri ni wa bure, ilhali kazi ya geti amekabidhiwa yeye mwenyewe.

Tiketi ya karatasi iliyonunuliwa kwenye mashine ya kituoni, isipokuwa imekwisha kuchapwa muda wa kuanza kutumika, huwa halali baada tu ya kugongwa muhuri katika kisanduku kilichopo jukwaani, ambacho kwenye treni za mijini zipitazo hasa juu ya ardhi, S-Bahn, ni chekundu na kwenye zile za chini ya ardhi, U-Bahn, ni cha njano. Unachomeka ncha ya tiketi, kisanduku kinalia kidogo, nayo inatoka imechapwa tarehe na saa. Siku yangu ya kwanza niliitia mfukoni ikiwa safi kabisa, kama risiti ya dukani, na kijana mwenye jaketi la kawaida niliyemdhania abiria mwenzangu akatoa kitambulisho cha ukaguzi. Faini ni euro 60, na kujitetea kwamba hukujua hakusaidii kitu.

Kanda nazo huwaponza wengi. Kanda A ni eneo lililo ndani ya reli ya duara iitwayo Ringbahn, B huishia kwenye mpaka wa jiji, na C ni ya nje, ukiwemo mji wa Potsdam na uwanja wa ndege wa BER. Kwa hiyo anayetua BER akanunua tiketi ya AB amekosea kabla hajapanda treni. Tiketi ya safari moja ya AB au ABC hudumu saa 2, na humruhusu abiria kubadili treni, basi na tramu kadiri atakavyo, mradi asirudi alikotoka.

Kwenye Ringbahn, yenye urefu wa kilomita 37 hivi, treni ya S41 huzunguka kufuata mwendo wa mishale ya saa na ya S42 huenda kinyume. Aliyekosea upande hapotei, kwa kuwa duara zima huchukua takribani saa 1.