Kiini amilifu cha galaksi: kinavyobainika kwa eksirei na kwa mwanga wa kawaida

Katikati ya karibu kila galaksi kubwa kuna shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara mamilioni, pengine mabilioni. Mengi yametulia. Machache yanavuta gesi, na gesi hiyo kabla ya kutumbukia hujizungusha kama sahani, hupata joto kali na kung'aa. Galaksi ya namna hiyo ndiyo huitwa yenye kiini amilifu.

Tuanze na eksirei. Karibu na shimo kuna elektroni zenye joto kali mno, ziitwazo korona, ambazo huzipandisha fotoni (chembe za mwanga) za sahani hadi nishati ya eksirei. Angahewa inazimeza zote. Hata ukipandisha kifaa kutoka Moshi hadi kilele cha Kibo, mita 5,895, karibu nusu ya hewa yote bado iko juu yako, nayo inatosha kabisa kuzizuia. Kwa hiyo ni lazima setilaiti. Ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo pekee, Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na miongoni mwa ilivyovinasa ni NGC 4151 na 3C 273, vyote viini amilifu.

Kipimo kinachotumika sana ni hiki: mng'ao kati ya kiloelektronivolti (kipimo cha nishati ya fotoni) 2 na 10 ukizidi ule wa Jua zima mara milioni 260 hivi, kuna kiini amilifu. Chini ya hapo, nyota pacha zinazotoa eksirei ndani ya galaksi zinaweza kukudanganya. Lakini mng'ao haupatikani bila umbali, na umbali unasomwa kwenye spektra ya mwanga wa kawaida, yaani mwanga huo uliotawanywa katika rangi zake. Eksirei peke yake haifiki mbali.

Kwenye spektra, tazama kwanza mistari ya haidrojeni, yaani rangi mahususi ambazo gesi hiyo hung'aa nazo. Ikiwa imetanuka kiasi cha kuonyesha kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde, kazi imekwisha: hakuna kundi la kawaida la nyota linalozungusha gesi hivyo. Ikiwa myembamba, pima mistari minne: haidrojeni kwenye nanomita 486.1 na 656.3, oksijeni kwenye 500.7, naitrojeni kwenye 658.3. Gawanya oksijeni kwa haidrojeni ya 486.1, na naitrojeni kwa haidrojeni ya 656.3. Uwiano wa kwanza ukizidi 3 na wa pili 0.6, mionzi inayoichoma gesi hiyo ni mikali kuliko ya nyota changa. Mistari ya kila jozi imekaribiana, kwa hiyo vumbi huipunguza karibu sawasawa na uwiano hauharibiki.

Hapa ndipo wengi huteleza: kabla ya kupima, ondoa kwanza mwanga wa nyota. Nyota nazo hufyonza mwanga palepale kwenye 486.1, mstari wa haidrojeni ukaonekana hafifu kuliko ulivyo, na uwiano ukapanda bure. Galaksi isiyo na chochote inaingia kwenye orodha. Kosa la upande wa pili ni galaksi ya mbali: mwanya wa spektrografu, kifaa kinachotawanya mwanga kuwa spektra, unaifunika yote, na kiini dhaifu kinazama katika mwanga wa nyota.

Njia hizi mbili zikipingana, usikimbilie kuitupa moja. Galaksi ya M77 ina mistari myembamba yenye nguvu, lakini eksirei zake zinazotufikia ni chache, kwa sababu gesi nzito imekaa kati yetu na korona. Mstari wa oksijeni unatoka mbali na kiini, nje ya pazia hilo. Eksirei zikiwa kidogo mno kulinganisha na oksijeni, shuku gesi nzito, kisha tafuta mstari wa chuma kwenye kiloelektronivolti 6.4: ukiwa mkubwa, shaka imethibitika. Mwaka 1985 mwanga uliopolarishwa, yaani unaotetema zaidi katika mwelekeo mmoja, ulifichua mistari mipana ya M77 iliyokuwa imefichwa.

Kutoka Arusha, M77 hupita karibu na utosi Januari, giza linapoingia. Darubini ya sentimita 20 itakuonyesha doa lenye kati angavu. Bila spektrografu, doa hilo halithibitishi lolote.