Jinsi joto na chumvi ya maji vinavyoamua wingi wa yavuyavu

Planktoni ni viumbe wa majini wanaochukuliwa na mkondo kwa sababu hawana nguvu ya kushindana nao. Baadhi yao wana mwili wa jeli, na sehemu kubwa ya mwili huo, takriban 95 kwa mia, ni maji: yavuyavu, ambao wengine huwaita konyeza, pamoja na tenofora, wanaoogelea kwa safu za vinyweleo, na salpa, wenye umbo la pipa. Idadi yao hupanda na kushuka ghafla, na mara nyingi utasikia ikisemwa kwamba bahari ikipata joto, wao huongezeka. Kauli hiyo ni nyepesi mno. Kila spishi ina mipaka yake ya joto na ya chumvi, na mipaka ya kuishi si ile ya kuzaliana.

Tuanze na chumvi. Hupimwa kwa gramu katika kila kilo ya maji, na wastani wa bahari kuu ni kama gramu 35. Yavuyavu hana figo wala ngozi ngumu ya kumkinga, kwa hiyo chumvi ya mwilini mwake hufuata ile ya maji yaliyomzunguka. Mvua kubwa ikipunguza chumvi ya juu ghafla, anayeingia kwenye tabaka hilo hujikuta mzito kuliko maji, huzama kidogo, na hukaa chini yake mpaka mwili uzoee. Ndiyo maana huweza kujazana kwenye mpaka wa matabaka mawili huku juu pakionekana patupu.

Joto lina kazi nyingine. Huharakisha ulaji na ukuaji, lakini pia huamua wakati wa kuzaliana, na hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Yavuyavu wengi huishi maisha ya aina mbili: yule anayeelea, na polipi, kiumbe wa milimita chache aliyejibandika kwenye kombe, mwamba au upande wa chini wa gati. Polipi wa Aurelia aurita katika bahari za kaskazini husubiri baridi. Maji yakipoa kwa wiki kadhaa, mwili wake huanza kujigawa mikato mikato, visahani vikipangana kimoja juu ya kingine. Cha juu huanza kupigapiga, kisha hukatika na kuogelea zake: huyo ni efira, yavuyavu mchanga. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba kuna protini ambayo kiasi chake huongezeka polipi akiwa katika baridi, na hiyo ndiyo inayohesabu muda. Kwa spishi ya namna hii, majira ya baridi yenye joto jingi yanaweza kupunguza uzao badala ya kuuongeza.

Katika Ghuba ya Chesapeake, Marekani, mambo ni kinyume. Polipi wa Chrysaora, jamii nyingine ya yavuyavu, hulala wakati wa baridi na huachilia efira maji yanapopata joto. Wakubwa huonekana hasa penye nyuzijoto 26 hadi 30 Selsiasi na chumvi ya gramu 10 hadi 16. Masharti yote mawili lazima yatimie pamoja. Mwaka wa mvua nyingi, maji ya mito husukuma eneo hilo kuelekea baharini na polipi wa sehemu za juu hudhoofika au kufa. Mwaka wa ukame, eneo hupanda ndani ya ghuba. Uhusiano huu ni thabiti kiasi kwamba taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na anga, NOAA, imetumia makadirio ya joto na chumvi kutabiri watakapotokea.

Mfano mzito zaidi ni tenofora Mnemiopsis leidyi, ambaye hana polipi kabisa. Ni huntha anayeweza kujirutubisha mwenyewe, na akiwa na chakula na joto hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Asili yake ni pwani za Atlantiki za Amerika. Mapema miaka ya 1980 alifika Bahari Nyeusi katika maji ya farumi, yale ambayo meli hubeba ili isiyumbe. Chumvi ya huko ni kama gramu 18 tu, nayo haikumzuia. Kufikia 1989 alikuwa amejaa kila mahali, akila planktoni wadogo na mayai ya samaki, na uvuvi wa dagaa ukaanguka, ingawa uvuvi wa kupita kiasi nao ulichangia. Mwaka 1999 alithibitishwa katika Bahari ya Kaspi yenye gramu kama 13, ila hakustawi kaskazini kabisa ambako mto Volga huyafanya maji kuwa karibu matamu. Katika Bahari ya Baltiki alionekana 2006. Humo mwili wake hustahimili, lakini chumvi ikishuka chini ya gramu 10 mayai hupungua sana, kwa hiyo katikati ya bahari hiyo, kwenye gramu kama 7, wengi wanaokutwa wameletwa na mikondo kutoka magharibi, ambako maji yana chumvi zaidi.