Je, wajua kwa nini familia moja ilibeba tuzo ya riwaya za kutisha miaka minne mfululizo?

Kila mwaka unapokaribia kuisha, Goodreads, mtandao wa Marekani wa wapenzi wa vitabu, huwaita wasomaji wapige kura. Riwaya za kutisha zina kundi lake. Mwaka 2016 alishinda Joe Hill. Mwaka 2017 wakashinda Stephen King, mwandishi maarufu wa riwaya za kutisha, na Owen King, walioandika kitabu kimoja pamoja. Mwaka 2018, Stephen King. Mwaka 2019, Stephen King tena.

Owen ni mwanawe. Na Joe Hill? Jina lake ni Joseph Hillstrom King. Alipoanza kuandika alilificha hilo la mwisho ili asibebwe na jina la baba.

Hakuna aliyeiba kura. Tazama zinavyopigwa. Unafungua simu, majalada yamejipanga mbele yako, unabofya moja. Hakuna anayekuuliza kama hayo mengine umeyasoma. Tuseme umesoma mawili tu, na moja ni la King: utabofya lipi? Kitabu kilichowafanya wasomaji elfu mbili walale taa zikiwaka hakifui dafu mbele ya kile kilichowapendeza kiasi wasomaji laki moja. Kabla ya kupima hofu, kura hizi hupima nani kasomwa na wengi. Mcheza kwao hutunzwa, na King kwao ni kila duka la vitabu.

Ushindi wa 2018 ndio hunichekesha. Elevation ni kijitabu chembamba cha mtu anayepungua uzito siku hadi siku huku mwili wake ukionekana vilevile. Hata apande kwenye mizani na nguo zake zote na sarafu mifukoni, namba haibadiliki. Ni kisa kizuri, ila mimi kilinitia huzuni zaidi ya hofu. Kilishinda hivyohivyo.

Sasa geukia tuzo ya Bram Stoker, ambayo wapiga kura wake ni wanachama wa Horror Writers Association, yaani waandishi wenyewe. Mshindi hukabidhiwa sanamu ya kijumba cha mizimu. Ukifungua kilango chake unakuta kibao chenye jina lake na la kitabu. Kwa riwaya za miaka hiyohiyo minne, vijumba vilikwenda kwa John Langan, Christopher Golden, Paul Tremblay na Owl Goingback. Hakuna King hata mmoja.

Usidhani waandishi wana kinyongo naye. Tuzo hiyo ilipoanza, kwa vitabu vya 1987, yeye na Robert McCammon walifungana kileleni. Na riwaya yake Doctor Sleep, ya 2013, ilishinda kote kuwili.

Kwa wasomaji, mnyororo ulikatika mwaka 2020, alipochaguliwa Silvia Moreno-Garcia, mzaliwa wa Meksiko anayeishi Kanada. Mwaka 2023 mzee King akarudi kuchukua chake.