Yule mdogo si mtoto wa konokono wa shambani

Ukiingia msitu wa Kakamega baada ya mvua, ukageuza majani yaliyooza, utakuta konokono mdogo kuliko punje ya mchele. Wengi husema, "Huyo ni mtoto wa yule mkubwa anayetumalizia sukuma." Sivyo.

Mtazame kwa lenzi. Konokono hukuza ganda kwa kuongezea ukingoni mwa mdomo wa ganda, yaani tundu anamotokea, hivyo ukingo wa mtoto huwa mwembamba, wa kuvunjika kwa kucha. Lakini konokono wa Gulella, jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya huyu mdogo, akikomaa, ukingo hunenepa na kujikunja nje, na ndani ya mdomo wa ganda huonekana vijino. Huyo hakui tena, hata akiwa na milimita 4 tu. Ni mtu mzima kamili!

Idadi na mpangilio wa vijino hivyo husaidia sana kutambua spishi. Wanaofanana mno huchunguzwa viungo vya uzazi au DNA.

Na ajabu ninayoipenda zaidi: sukuma yako hana haja nayo. Gulella ni mwindaji, hupenyeza kichwa ndani ya ganda la konokono mwingine na kumla humo humo.