Waridi la kunukia sio tatizo, tatizo ni kijiti kwenye begi

Likizo ikikaribia sisi wakaguzi wa mimea tunajua mawaridi yanakuja tu. Juzi nimefungua begi, kuna soksi, ndani ya soksi gazeti bichi, ndani ya gazeti vijiti vitatu vya waridi aina ya Margaret Merril kutoka Uingereza vimeshaanza mizizi na udongo umeng'ang'ania. Mwenyewe ananiambia afisa, si kijiti tu hiki jamani?

Kijiti kimoja kilikuwa na uvimbe kama njugu pale shingoni. Kwa macho siwezi kuapa, ndio maana tuna maabara, ila uvimbe wa hivyo mara nyingi ni bakteria, ikishaingia udongoni inakaa miaka na mti ulioupata ugonjwa huo hauponi, na haiishii kwenye waridi, inapenda pichesi na plamu pia, sasa fikiria watu wa Lushoto wanaolima matunda hayo.

Hamu yenu naielewa. Floribunda, yaani waridi la kuchanua mashada, iliyozoeleka ni Iceberg ya Ujerumani ya mwaka 1958, inachanua sana ila harufu yake ndogo, wakati Margaret Merril ya 1977 ni nyeupe vilevile lakini inanukia kweli. Sawa, agiza, ila kwa utaratibu. Kibali cha kuingiza mmea unakiomba huku nyumbani Tanzania KABLA mmea haujaondoka huko, sio ukiwa umeshatua. Kibali kina masharti, unamtumia muuzaji, yeye anaita wakaguzi wa nchi yake wanakagua wanatoa cheti cha afya ya mimea, na cheti halisi kinasafiri na mzigo. Ukifika unajitaja mwenyewe kwa mkaguzi, usisubiri mashine ikutaje. Risiti ya duka sio cheti. Narudia, risiti sio cheti, hata iwe na muhuri na picha ya ua! Na udongo usilete kabisa. Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya 2020 ipo, mzigo usio na karatasi unazuiliwa, na kusema sikujua hakusaidii.

Wengi hata hamhitaji kuagiza. Jirani akiwa na waridi linalonukia na halina ugonjwa muombe pingili. Jua masaa sita, samadi iliyooza vizuri, maji mwagilia shinani asubuhi, ukilowesha majani jioni madoa meusi hayo yanakuja halafu unakimbilia dawa. Na dawa nunua yenye lebo kwa muuzaji mwenye leseni, sio ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, hili nimelisema mpaka nimechoka, kuna watoto nyumbani. Mbolea ya kukuzia nayo msizidishe, mtapata majani mengi maua ya kutafuta.

Vile vijiti tulivichoma. Na soksi pia, maana ilikuwa na udongo.