Miliki ubunifu na ugumu wa kuilinda nchini Tanzania

Miliki ubunifu ni haki aliyonayo mtu juu ya kazi iliyotokana na akili yake, iwe ni wimbo, kitabu, mtambo aliobuni au alama inayotambulisha bidhaa zake. Kwa Tanzania Bara, alama za biashara na hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, husajiliwa BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Zanzibar ina sajili yake, hivyo aliyesajili alama Dar es Salaam hana ulinzi Unguja mpaka asajili huko pia.

Hakimiliki haihitaji usajili. Sheria Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki hiyo mara tu kazi inapotungwa, nayo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ugumu unaanza anapotaka kuitumia. Chukua mwandishi anayekuta kitabu chake katika steshenari iliyo jirani na chuo, kimetolewa kopi na kubaindiwa kwa pete za plastiki, herufi za pembeni zimekatwa na mashine. Ili alipwe fidia, ni lazima athibitishe kwamba kazi ni yake, amjue aliyedurufu, na amlipe wakili fedha ambazo huenda zikazidi mapato ya kitabu chenyewe. Kuisajili kazi COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, humpunguzia mzigo wa ushahidi, lakini hakumwondolei gharama. Naye mwanafunzi aliyenunua kopi ile, mara nyingi nakala halisi hakuiona dukani, au aliiona akashindwa bei. Kumwita mwizi tu ni kumwonea.

Wachoraji wana shida nyingine. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, aliacha mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Sheria hulinda picha, hailindi mtindo, kwa hiyo yeyote anaweza kuchora chui kwa namna ile bila kosa. Kosa ni kunakili picha ya mwenzake, na mchoraji anayeuza picha zake kando ya barabara, bila risiti wala kumbukumbu, atathibitishaje kwamba chui yule alianza kuchorwa na yeye?

Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki ubunifu, umezipa nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na masharti yake mengi. Nafuu hiyo ni ya haki kwa nchi inayojenga viwanda, ila mchoraji wa barabarani haimfikii.